Kukauka, Kuganda na Kushika: Gundi ya Epoksi kama Somo la Kupima Joto

UTANGULIZI

Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tuliwahi kusimama mbele ya Darasa la Sita tukiwa na gundi ya mirija miwili, ile ambayo fundi huminya kiasi kutoka kila mrija, akachanganya, ndipo akaunga mguu wa kiti uliovunjika. Tulichanganya kiasi kidogo juu ya kipande cha boksi, tukasubiri, kisha tukaandika ubaoni sentensi moja: "Gundi hukauka, ikawa ngumu." Wanafunzi walinakili, na somo likaelekea mwisho wake kwa amani. Hapo msichana mmoja aliyeketi nyuma alinyoosha mkono. Alieleza kwamba fundi alikuwa amefanya kazi nyumbani kwao, akasahau gundi iliyochanganywa ndani ya kopo lenye kifuniko, na asubuhi waliikuta ngumu kama jiwe. "Mwalimu," akauliza, "nguo mbichi ikiwa ndani ya kopo lililofunikwa haikauki. Gundi ilikaukaje?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwamba swali lake lilikuwa la sekondari, tukafuta ubao. Kwa kufanya hivyo tulikosa mara mbili: tulifundisha jambo lisilo kweli, kisha tukaizima akili iliyokuwa imekwisha kuuona uwongo wake.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali lile, ingawa kwa kuchelewa. Tutaeleza kwanza kinachotendeka gundi ya epoksi inapokuwa ngumu. Kisha tutaeleza jinsi wataalamu wanavyochunguza jambo hilo kwa kupima joto, hasa pale epoksi inapochanganywa na vitu vingine. Mwisho tutaonyesha jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuitumia njia hiyohiyo ya wataalamu kwa makopo mawili na vipimajoto viwili.

MANENO MATATU YANAYOCHANGANYWA

Kabla ya kuingia darasani, yafaa mwalimu ayatenge maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku hutumiwa kana kwamba ni mamoja.

Neno la kwanza ni kukauka. Kitu hukauka kinapopoteza maji, au kiowevu kingine, ambacho hugeuka mvuke na kwenda zake hewani. Gundi ya unga wa muhogo tunayopika kwa ajili ya kubandika picha ukutani hukauka kweli. Tukiipima kwa mizani ikiwa mbichi, kisha tukaipima tena baada ya siku moja, tutaona uzito umepungua sana. Tukiifunika, hukawia kukauka.

Neno la pili ni kuganda. Kiowevu huganda kinapopoa hadi kikawa yabisi, kama samli asubuhi ya baridi, au nta ya mshumaa inayochuruzika. Hapa uzito haupungui. Tena mambo yanaweza kurudi yalikotoka, kwa maana nta iliyoganda yaweza kuyeyushwa na kugandishwa mara nyingi tupendavyo.

Neno la tatu ni kushika, na tumelichukua kwa mafundi waashi. Fundi husema simenti "imeshika", na katika hilo yeye ni mwanasayansi bora kuliko tulivyokuwa sisi siku ile. Simenti hushika hata chini ya maji, mahali ambapo hakuna kitu kinachoweza kukauka. Kinachotendeka ni mmenyuko wa kikemia: vitu viwili vinakutana na kufanya kitu kipya, na kitu hicho hakirudi tena kuwa vile vya mwanzo. Yai lililochemshwa haliwi bichi hata tukilitia barafu. Gundi ya epoksi nayo hushika. Haipotezi uzito wa kutajika, haihitaji upepo, na ikisha kuwa ngumu haiyeyuki hata tukiipasha joto. Msichana yule alikuwa na haki ya kushangaa.

KINACHOTENDEKA NDANI YA GUNDI

Mrija wa kwanza una rezini ya epoksi, kiowevu kizito kama asali. Mrija wa pili una kigumishi. Rezini hizi ni uvumbuzi wa karne ya ishirini. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Pierre Castan wa Uswisi, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa akitafuta kitu kinachofaa kutengenezea meno ya bandia. Mwaka 1946 gundi ya epoksi ilionyeshwa kwa umma katika maonyesho ya viwanda mjini Basel, na tangu hapo imeenea katika boti, ndege, vyombo vya umeme, rangi za meli na karakana za mafundi wetu.

Molekuli ya rezini iliyo ya kawaida ina ncha mbili, na katika kila ncha pana pete ndogo ya atomi tatu: mbili za kaboni na moja ya oksijeni. Pete hiyo imekunjwa kwa nguvu, mfano wa upinde uliovutwa ukashikiliwa. Molekuli ya kigumishi, ikiwa ni cha aina ya amini, ina atomi za nitrojeni zilizobeba haidrojeni. Haidrojeni hizo zinapokutana na pete, pete hufunguka na molekuli mbili huungana. Upinde huachiliwa, na nguvu iliyokuwa ndani yake hutoka ikiwa joto. Ndiyo maana fundi aliyechanganya gundi nyingi ndani ya kopo huhisi kopo likipata joto mkononi mwake bila moto wowote.

Kila pete inayofunguka hutoa kiasi chake cha joto. Kwa hiyo joto lote lililotoka ni hesabu ya pete zote zilizofunguka. Mwanafunzi mwalimu akiishika hoja hii, ameshika msingi wa makala haya yote: joto ndilo karani anayehesabu jinsi kazi ya kushika inavyoendelea, hata pale macho yetu yasipoona mabadiliko yoyote.

MCHEZO WA MIKONO NA KAMBA

Maelezo ya molekuli ni mazito kwa mtoto wa miaka kumi na mbili, lakini mchezo si mzito. Tumejaribu mchezo ufuatao uwanjani, nao hufaa sana.

Chagua wanafunzi 24. Wanane wawe "vigumishi" na 16 wawe "rezini". Kila kigumishi ashike kamba mbili fupi, moja kwa kila mkono, akiishika katikati ili ncha mbili zibaki huru. Hivyo kila kigumishi ana ncha nne. Kila rezini ana mikono yake miwili mitupu. Wote watawanyike na kutembea ovyo. Rezini akikutana na ncha iliyo huru huishika, na haruhusiwi kuiachia tena.

Mwanzoni wote hutembea kwa urahisi. Hiki ndicho kiowevu. Baada ya muda mfupi huonekana vikundi vya watu wawili, watatu, watano, vinavyokokotana. Gundi inakuwa nzito. Kisha ghafla, bila mtu kutoa amri, darasa zima hujikuta limefungamana kuwa wavu mmoja, na hakuna awezaye kwenda mahali pasipo kuwavuta wengine. Hapo gundi imeshika, na fundi hawezi tena kuipaka. Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na methali hiyo yaihusu epoksi neno kwa neno.

Sasa mwalimu awasimamishe na kuuliza maswali mawili. La kwanza: "Kwa nini tulichagua vigumishi 8 na rezini 16?" Wahesabu wenyewe: vigumishi 8 wana ncha 32, na rezini 16 wana mikono 32. Tukiongeza rezini wanne, mikono minane itabaki mitupu daima, na wavu utakuwa na matundu. Ndiyo sababu ya fundi kuambiwa apime sawasawa kutoka kila mrija. Kuzidisha kigumishi hakuongezi uimara.

La pili ni hili: "Je, kila mkono umepata ncha?" Mara nyingi jibu ni hapana. Yupo rezini aliyebaki na mkono mmoja mtupu, na ncha iliyo huru iko hatua tatu mbele yake, lakini hawezi kuifikia kwa kuwa amebanwa na wavu uleule alioujenga. Tunawasihi walimu wasiipite nukta hii haraka. Wavu umekwisha kuwa mgumu, lakini kazi haijakwisha.

JINSI WATAALAMU WANAVYOPIMA

Mtaalamu anayetaka kujua mikono mingapi imebaki mitupu hawezi kuiona kwa macho. Akibonyeza gundi kwa kidole ataambiwa "ni ngumu", basi. Kwa hiyo humwuliza yule karani, yaani joto.

Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1887 Henry Le Chatelier wa Ufaransa alichunguza aina za udongo kwa kuupasha moto na kuandika jinsi kiwango chake cha joto kilivyopanda, akitafuta mahali ambapo mpando ulikawia au kuharakishwa. Mwaka 1899 Mwingereza William Roberts-Austen aliongeza wazo lililo jepesi na lenye manufaa makubwa: badala ya kupima kitu kimoja, alipasha vitu viwili pamoja, kimoja kikiwa kile anachokichunguza na kingine kisichobadilika, akapima tofauti baina yao. Mapema katika miaka ya 1960, Emmett Watson na Michael O'Neill wa Marekani walitengeneza chombo tutakachokiita kalorimita linganishi, na chombo cha namna hiyo ndicho kinachotumika hadi leo katika maabara nyingi za rezini.

Ndani ya chombo hicho mna vijisahani viwili vya alumini, vidogo kuliko kifungo cha shati. Katika kimoja hutiwa gundi mbichi iliyochanganywa punde, miligramu 5 hadi 10 tu. Cha pili huachwa kitupu. Kila kijisahani kina kipasha joto chake cha umeme, na mashine huvipandisha vyote kwa mwendo mmoja, kwa mfano nyuzi 10 za Sentigredi kwa dakika. Gundi inapoanza kushika hutoa joto lake yenyewe, hivyo mashine hulazimika kupunguza umeme upande ule ili vijisahani vyote viende sawa. Umeme uliopunguzwa ni sawa na joto lililotolewa na gundi. Mashine huliandika hilo kama grafu: mstari unaokwenda tambarare, ukainuka kuwa kilima, ukashuka tena. Eneo lililo chini ya kilima ni joto lote la mmenyuko. Kwa rezini nyingi za epoksi zilizochanganywa na amini, joto hilo ni karibu jouli 400 hadi 500 kwa kila gramu.

Hapa mwalimu atambue mtego wa lugha. Kwa Kiswahili tunasema "joto" tukimaanisha mambo mawili. Kijiko cha maji yanayochemka na ndoo ya maji yanayochemka vina kiwango kimoja cha joto, yaani nyuzi 100, lakini ndoo ina joto jingi zaidi. Kipimajoto hutuonyesha kiwango. Kalorimita hutuonyesha kiasi. Wanafunzi wasiotenganishiwa mambo haya mapema hubabaika hadi chuo kikuu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme gundi mbichi imetoa jouli 400 kwa gramu. Tunachukua gundi ileile iliyokaa mezani siku moja, ambayo kwa kidole ni ngumu kabisa, tunaitia ndani ya chombo na kuipasha. Kama mikono yote ilikuwa imeshikana, hakuna kilima kitakachotokea. Lakini tuseme pametokea kilima kidogo cha jouli 60. Maana yake ni kwamba kazi ya jouli 60 ilikuwa bado. Iliyofanyika ni 400 kutoa 60, yaani 340. Na 340 kwa 400 ni asilimia 85. Gundi imekomaa kwa asilimia 85, ingawa mkono ulidhani imemaliza.

Chombo hiki huonyesha jambo jingine pia. Kila epoksi iliyoshika ina kiwango cha joto ambacho chini yake ni kama kioo, na juu yake hulegea kama mpira mgumu. Kadiri wavu unavyofungamana ndivyo kiwango hicho kinavyopanda. Kikisha kupanda hadi kukifikia kiwango cha joto cha chumba, na kukipita kidogo, molekuli hubanwa mahali zilipo na mmenyuko karibu usimame. Ndiye yule mwanafunzi mwenye mkono mtupu uwanjani. Dawa yake ni kuipasha gundi: wavu hulegea kidogo, mikono iliyobaki hufikiana, na kazi huendelea. Ndiyo maana viwandani vitu vingi vya epoksi hutiwa katika tanuri baada ya kuwa vigumu.

Wataalamu hupenda pia kurudia kipimo kwa mwendo tofauti, tuseme nyuzi 5, 10 na 20 kwa dakika. Tukipasha kwa haraka, kilele cha kilima husogea kwenye kiwango cha juu zaidi, kwa sababu mmenyuko haupati muda wa kutosha. Mwaka 1957 Homer Kissinger wa Marekani alieleza namna ya kukokotoa kutokana na kusogea huko kizuizi cha nishati ambacho molekuli hazina budi kukivuka ili ziungane.

EPOKSI ILIYOCHANGANYWA NA VITU VINGINE

Epoksi peke yake ina kasoro moja: ni ngumu lakini hupasuka upesi, kama kigae. Kwa hiyo watengenezaji huichanganya na vitu vingine, kama vile mpira wa majimaji au plastiki ngumu. Gundi inaposhika, mpira hujitenga na kuwa vitone vidogo mno ndani ya epoksi, na ufa unaotaka kupita hukutana na vitone hivyo, ukadhoofika.

Lakini mgeni aliyeingia nyumbani huweza kubadili mwenendo wa wenyeji, na hapo ndipo kipimo cha joto kinapohitajiwa zaidi. Tuseme katika kila gramu 100 za mchanganyiko, gramu 20 ni za kitu kisichoungana na epoksi. Epoksi iliyobaki ni gramu 80, hivyo kwa hesabu ya mfano wetu tungetazamia jouli 320 kwa gramu badala ya 400. Tukipata 320, mgeni amechukua nafasi tu bila kuingilia kazi. Tukipata 290, mikono mingine imezuiwa kukutana. Na kilele cha kilima kikisogea kwenye kiwango cha chini, mgeni ameuharakisha mmenyuko, kama vifanyavyo vitu vingine vyenye oksijeni na haidrojeni zilizoungana pamoja. Kadhalika, tukiona viwango viwili vya kulegea badala ya kimoja, tunajua vitu hivyo vimejitenga kama maji na mafuta.

Jambo hili haliko mbali nasi kama liwezavyo kudhaniwa. Ganda la korosho lina mafuta makali ambayo watoto wa Mtwara na Lindi wanayajua vizuri, kwani huunguza ngozi ya mbanguaji asiyejikinga. Mafuta hayo yakipashwa na kusafishwa hutoa kitu kiitwacho kardanoli, na kutokana na kardanoli viwanda hutengeneza vigumishi vya epoksi vinavyosifiwa katika rangi za meli kwa kuwa hushika hata penye baridi na unyevu. Mwalimu wa kusini mwa Tanzania anayefundisha somo hili ana haki ya kuanza na korosho.

KIGUMU SI LAZIMA KIWE IMARA

Mwanafunzi mwalimu aweza kuuliza: yote haya yana faida gani nje ya maabara? Tutoe mfano mmoja. Tarehe 10 Julai 2006, katika handaki la barabara mjini Boston, Marekani, karibu tani 26 za zege na vyuma vya dari zilianguka juu ya gari lililokuwa likipita, na abiria mmoja akafariki. Dari lilikuwa limening'inizwa kwa vyuma vilivyotiwa katika matundu ya zege na kushikizwa kwa epoksi. Wachunguzi wa serikali waliotoa taarifa yao mwaka 2007 walieleza kwamba epoksi iliyotumika ilikuwa ya aina ishikayo haraka, isiyoweza kuhimili mzigo wa kudumu. Kwa muda wa miaka ilikuwa ikinyooka kidogo kidogo, na vyuma vikawa vinatoka.

Epoksi ile ilikuwa ngumu. Mkono wowote ungeithibitisha hivyo. Kosa lilikuwa kuridhika na ugumu wakati swali lililopaswa kuulizwa lilikuwa jingine: "Itafanya nini ikibebeshwa mzigo huu mwaka baada ya mwaka?" Mwanafunzi wa leo ndiye fundi na mhandisi wa kesho. Tunataka azoee mapema kutokiamini kidole chake pale ambapo kipimo chapatikana.

SOMO LENYEWE DARASANI

Epoksi haifai kushikwa na watoto, kwa sababu tutakazozitaja. Mahali pake tutumie plasta ya jasi, ule unga mweupe ambao mafundi hufinyangia mapambo ya dari, ambao nao hushika kwa mmenyuko na kutoa joto. Mwalimu aujaribu unga wake siku moja kabla ya somo, maana unga mwingine wa kuzibia viungo vya dari hukauka tu bila kushika.

Vifaa: makopo mawili yanayolingana, vipimajoto viwili vya maabara vya spiriti, visomavyo hadi nyuzi 100 (kile cha hospitali hakifai, kwa kuwa husoma viwango vichache tu vya mwili wa binadamu), unga wa plasta, mchanga, maji, mizani, karatasi ya alumini, mafuta kidogo ya kupikia, saa.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aulize: "Plasta hukauka, huganda au hushika? Tutajuaje?" Kila kikundi kiandike utabiri wake. Mwalimu asitoe jibu.

Hatua ya pili. Funga kila kipimajoto kwa karatasi ya alumini iliyopakwa mafuta kwa nje, ili kisinaswe ndani ya plasta. Kopo A litiwe gramu 200 za plasta na maji mililita 100, likorogwe upesi. Kopo B litiwe gramu 200 za mchanga na maji mililita 100 yaliyotoka ndoo ileile. Makopo yote mawili yapimwe uzito na kuwekwa kivulini.

Hatua ya tatu. Kila baada ya dakika mbili, kwa muda wa dakika 40, wanafunzi wasome vipimajoto vyote viwili na kuandika katika jedwali lenye safu nne: dakika, A, B, na A kutoa B. Mwanafunzi mmoja aguse plasta kwa kijiti na kuandika dakika ambayo kijiti kimeshindwa kuingia.

Hatua ya nne. Wachore grafu ya safu ya nne. Watapata kilima. Hapo waambiwe kwamba wamefanya kwa makopo kile ambacho wataalamu hukifanya kwa vijisahani vya alumini. Kopo B ni kilinganishi chao. Waulizwe kwa nini lilihitajika. Atakayejibu, "Ili tujue joto halikutoka kwenye jua wala kwenye hewa ya darasa," amelielewa wazo la Roberts-Austen.

Hatua ya tano. Walinganishe dakika ambayo kijiti kilishindwa na dakika ya kilele cha grafu. Kwa kawaida watakuta plasta iliendelea kupata joto hata baada ya kuwa ngumu. Swali la kuzungumza ni hili: "Je, plasta ilikuwa imemaliza ilipokuwa ngumu?" Mwisho wapime tena uzito wa kopo A. Watakuta haukupungua ila kidogo sana, na hapo neno "hukauka" litakuwa limekosa mtetezi.

Katika kipindi kitakachofuata, warudie kazi hiyo kwa nta iliyoyeyushwa na mwalimu ndani ya sufuria ya maji ya moto. Safari hii kiwango cha joto hushuka, hukawia mahali pamoja nta inapoganda, kisha huendelea kushuka. Nta nayo hutoa joto inapoganda, lakini haipandi juu ya pale ilipoanzia, na yaweza kuyeyushwa tena. Grafu mbili zikibandikwa ukutani sambamba, tofauti ya kuganda na kushika itaonekana bila maneno mengi.

HADHARI

Kwanza, rezini mbichi na hasa vigumishi vyake huweza kuifanya ngozi ya mtu kuwa na mzio, na mzio huo ukisha kuingia hudumu. Mwalimu akitaka kuionyesha epoksi, atumie kiasi cha punje ya hindi, akoroge kwa kijiti, avae glavu, afungue madirisha, na watoto watazame tu.

Pili, asichanganye gundi nyingi ndani ya kopo. Ikitandazwa juu ya ubao, joto lake hutawanyika. Ikirundikwa pamoja, joto hukosa njia, nalo huharakisha mmenyuko, nao huongeza joto, mpaka gundi ikafuka moshi.

Tatu, plasta nayo si ya kuchezewa. Mwaka 2007, katika somo la sanaa nchini Uingereza, mwanafunzi wa kike wa miaka 16 alitumbukiza mikono ndani ya ndoo ya plasta ili apate umbo la mikono yake. Plasta ilishika, mikono haikutoka, na rundo kubwa la plasta laweza kufikia nyuzi 60. Vidole vyake vingi vilikatwa. Mwalimu asimruhusu mtoto yeyote kuingiza kidole ndani ya plasta inayoshika, hata kwa mzaha.

HITIMISHO

Tumeeleza kwamba kukauka, kuganda na kushika ni mambo matatu mbalimbali. Kwamba gundi ya epoksi hushika kwa kufuma wavu. Na kwamba joto linalotoka latuambia ni sehemu gani ya wavu imefumwa na ni ipi iliyobaki. Zana za mtaalamu ni za thamani kubwa, lakini wazo lake ni la bure: weka kitu unachokichunguza kando ya kile kisichobadilika, pima vyote viwili, kisha iulize tofauti.

Katika maandalio yako ya somo, acha nafasi kwa ajili ya swali usilolitarajia. Likija, nawe huna jibu, sema wazi kwamba hujui, uliandike ubaoni, na uwaulize wanafunzi kipimo gani kingeweza kulijibu. Siku ile tungalifanya hivyo, kopo lenye kifuniko la msichana yule lingalikuwa jaribio la kwanza la kipindi kilichofuata.